Hitilafu Iliyo Nje ya Uwezo Wetu

Katika mji wote hapakuwa na mtu aliyejua kuomba radhi kama yeye, na katika nyumba yake hapakuwa na mtu aliyewahi kumsikia akiomba. Watu walimwita Bwana Samahani. Jina lake halisi lilibaki kwenye cheti cha ndoa na kwenye mlango wa ofisi, na hapo mlangoni herufi mbili zilikuwa zimeshabanduka.

Siku hizo kituo cha televisheni kilikuwa kimoja tu. Ukikipenda ulikitazama, usipokipenda ulitazama ukuta. Kilifunguka jioni, watoto wakiwa wameshaoga, kwa mlio wa tarumbeta na picha ya maua, na baada ya maua alitokea yeye: koti la kijivu, tai fupi, nywele zilizochanwa upande mmoja, mbele yake meza yenye chombo cha maua mengine, ya plastiki. Kazi yake ilikuwa kupanga ratiba na kuisoma. Alitaja katuni za watoto, kisha mafunzo ya kilimo, kisha taarifa ya habari, kisha mchezo wa kuigiza, kisha filamu, kwa sauti ya mtu anayegawa urithi bila upendeleo. Na kama mbu wasivyokosa kuja na giza, haikupita jioni bila kitu kukwama. Mkanda wa filamu ulikatika. Sauti ilipotea, msomaji wa habari akabaki anachezesha midomo kama samaki. Taa ilipasuka. Hapo yalirudi yale maua, na baada ya maua alirudi yeye.

"Watazamaji wapendwa," alisema, "tunaomba radhi. Kumetokea hitilafu ya mitambo iliyo nje ya uwezo wetu. Mafundi wetu wanaishughulikia. Tafadhali endeleeni kuwa nasi."

Wangeenda wapi?

Lakini alisema vizuri, hilo lazima likubaliwe. Aliteremsha kope kidogo, akatulia kabla ya neno "radhi", na sauti yake ikawa ya mtu aliyeingia nyumba yenye msiba. Bibi vizee walimjibu kupitia kioo: "Tumeshasamehe, mwanetu, usijitese." Sokoni alikuwa mali ya umma. Muuza nyanya aliyeuza zilizooza alimshika mkono: "Bwana Samahani, nisaidie kwa mama huyu, mwambie yale maneno yako." Mbuzi wa jirani alipotafuna shuka za jirani mwingine, mwenye mbuzi alimfuata nyumbani, akampeleka mpaka kwenye kamba ya nguo. Alisimama pale, akateremsha kope, akasema. Mwenye shuka alilia, akamsamehe mbuzi.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali. Alishonea chumba cha mbele, dirisha wazi. Naye, katika miaka yote ya ndoa, hakupata hata nusu ya kile alichopata yule mbuzi. Bwana Samahani akimkanyaga mguu alisema, "Mbona mguu wako uko hapa?" Akiunguza kitambaa cha mteja kwa pasi alisema, "Pasi za siku hizi!" Akichelewa kurudi alilaumu barabara, na barabara haikuwa na mdomo wa kujitetea.

"Baba watoto," mkewe alimwambia siku moja, "zile radhi zako zote zinaishia kazini?"

"Kazi ni kazi," alijibu. "Kinyozi akifika kwake hanyoi watu."

"Lakini kinyozi naye ana nywele."

Watoto wao wawili walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo maneno yale hayakupata wa kuyachekea, yakatua mezani na kukaa. Mke alikuwa amemzoea mumewe kama mtu anavyozoea mlango unaogoma: unauinua kidogo, unausukuma kwa bega, maisha yanaendelea. Ila mlango unaogoma una siku yake ya kung'oka bawaba.

Siku hiyo ililetwa na Mkuu wa Vipindi. Huyu alikuwa bwana mnene, mwenye haraka, aliyetembea na karatasi zilizokunjwa mkononi kama anayewinda nzi. Alitaka kipindi kifupi cha akina mama, na aliposikia kwamba mke wa msoma ratiba wake ni fundi, alimwomba aje Jumatano alasiri aonyeshe namna ya kukata gauni la mtoto kutoka kwenye kipande kimoja cha kitambaa, bila kubakiza hata chembe. Mke alikubali kwa utulivu, kama anayepokea oda ya kawaida. Lakini usiku mumewe akilala, na mchana akiwa peke yake, alikata magazeti ya zamani akilieleza kabati: "Sasa watazamaji, hapa tunakunja mara mbili." Kabati lilielewa vizuri sana.

Habari zilimfikia mama yake, aliyekuwa akiishi kwa kaka mtu, mwenye bucha upande wa pili wa mji. Jumatano ilipofika kaka alifunga bucha mapema, akageuza antena juu ya paa huku majirani wakimpigia kelele kutoka ndani, "Hapo! Hapo! Rudi kidogo! Umepita!" Mama mtu alioga, akavaa kitenge kipya, akajipaka manukato, akakaa kiti cha mbele kabisa. Aliambiwa mara nyingi kwamba aliye kwenye televisheni hawaoni walio sebuleni. Alisema hayo ni mambo ya watu wengine; mwanawe angemwona.

Sasa ni lazima isemwe jinsi ratiba ilivyotengenezwa, kwa sababu hapo ndipo kosa lilipolala. Kila mwisho wa wiki Bwana Samahani alichukua ratiba ya wiki iliyopita, akaiweka kando ya mashine ya kupiga chapa, akainakili, akibadilisha yaliyobadilika tu. Kwa nini afikirie upya kila siku, na katuni ni zilezile na kilimo ni kilekile? Ilikuwa njia ya mtu mwerevu. Ni njia ya mvivu pia, na kwa mbali hao wawili hufanana. Jumatano ya wiki iliyopita kulikuwa na mpira uwanjani. Alipofika kwenye Jumatano, mtu aliingia ofisini kumwuliza jambo, akajibu, akarudisha macho kwenye karatasi, vidole vikaendelea kunakili.

Kituo kilikuwa na kamera mbili. Moja ilifungwa mbele ya meza ya habari na ratiba na haikusogea tangu kuletwa. Nyingine, kubwa, ya magurudumu, ilikwenda popote ratiba ilipoielekeza. Jumatano hiyo ratiba ilisema mpira, basi wapiga picha wakaipakia garini, wakaenda uwanjani, wakaifunga, wakaielekeza golini. Palikuwa na nyasi, na mtu mmoja anakata nyasi. Walisubiri. Walikuwa watu watiifu, na ratiba haikusema kwamba timu zingekuja zote mbili kwa wakati mmoja.

Studioni mkewe alisimama nyuma ya meza yake. Nywele zimesukwa, chaki mkononi, kitambaa cha maua mekundu kimetandazwa, mkasi umeshikwa tayari. Mbele yake palikuwa na sakafu tupu. Alitazama ile sakafu kwa subira, akidhani huenda kamera za siku hizi hazionekani.

Bwana Samahani alikuwa upande wa pili wa pazia, kwenye meza yake ya ratiba. Alichungulia. Akaona sakafu, akaona mkasi, akakumbuka vidole vyake juu ya mashine, na akaelewa yote kwa pumzi moja. Wakati huohuo taa nyekundu iliwaka. Macho ya mji mzima yalikuwa juu yake. Alifungua mdomo, na mdomo ukafanya ulichozoea.

"Watazamaji wapendwa, kipindi cha ushonaji hakitaweza kuwajia leo, kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu. Tunaomba radhi."

Nyuma ya pazia mkasi ulifungwa: kacha.

Kwa kaka mtu, mama aliruka kutoka kitini. "Nje ya uwezo wao? Mwanangu amekufa!" Ilichukua majirani wawili na maji ya baridi kumtuliza.

Jioni, nyumbani, mke alingoja. Aliandaa chakula, akangoja. Aliondoa vyombo, akangoja. Mume alisoma gazeti lote, mpaka matangazo ya vifo.

"Baba watoto, huna neno?"

"Neno gani? Si nimeshaomba radhi? Mji mzima umesikia."

"Mji mzima ulikuwa nyumbani. Mimi nilikuwa studioni nimeshika mkasi kama mlinzi. Sababu zilizo nje ya uwezo wa nani?"

"Mambo ya kituo, mama watoto. Ni magumu kueleza."

"Mkuu wa Vipindi amenieleza mlangoni. Hayakuwa magumu. Ratiba anaandika nani?"

Akageuza ukurasa. Ulikuwa wa mwisho, kwa hiyo akageuza tena kurudi alikotoka.

Asubuhi mke alifungua kichwa cha cherehani kutoka mezani, akakifunga kwenye shuka, akaita mkokoteni, akaenda kwa kaka yake. Meza ya cherehani aliiacha. Waliojua walisema hiyo ni dalili njema: mwanamke aliyemaliza maneno huondoka na meza.

Siku za mwanzo Bwana Samahani alishikilia kwamba atarudi mwenyewe. Alipika mayai yakaungua, akalilaumu jiko. Alipiga pasi shati, likaungua mgongoni, lakini koti lilificha mgongo, na televisheni haikumwonyesha mgongo. Alikaa na ile meza isiyo na kichwa, tundu wazi katikati, na kila alipopita aliitazama na kuondoa macho. Mwishoni mwa wiki alinunua sukari na sabuni akaenda kwa shemeji yake.

Shemeji alikuwa mlangoni mwa bucha, panga mkononi, aproni ina damu. Alitabasamu kupita kiasi.

"Karibu, shemeji! Leo kipindi gani kimekwama?"

Ndani, mama mkwe alikuwa kitini pake. "Shikamoo, mama," alisema Bwana Samahani.

"Marahaba, baba. Keti. Sema uliyojia."

Mkewe alikuwa nyuma ya pazia la uani. Hakuonekana, lakini cherehani iliyokuwa ikilia ilinyamaza. Bwana Samahani alikohoa. Aliteremsha kope. Akatulia mahali pa kutulia.

"Mama, tunasikitika kwamba kumetokea hitilafu nyumbani, iliyo nje ya..."

Shemeji alicheka mpaka akaweka panga chini. Mama mkwe hakucheka. Alimtazama mkwewe kwa makini, kichwa upande, kama anavyotazama kioo chenye chenga.

"Baba, picha yako inachezacheza. Nakusikia, lakini sikuoni."

Kutoka nyuma ya pazia sauti ya mkewe ilisema, "Mwambieni mawimbi hayajafika." Cherehani ikaanza kulia tena, kwa kasi.

Alirudi nyumbani amekasirika, na hasira ikamletea wazo, na mawazo ya hasira mara nyingi ni kama chakula cha mbwa: kingi, kwa haraka, na hakina chumvi. Jumatatu, alipomaliza kusoma ratiba, aliongeza: "Na kwa wote waliosumbuliwa na mabadiliko ya wiki iliyopita, wakiwemo mafundi cherehani, tunaomba radhi kwa moyo mnyenyekevu." Alidhani amemaliza kazi.

Kesho yake mafundi cherehani wa mji walikuja kituoni, tepe za kupimia shingoni, wakiongozwa na mzee mshona suti. Walisema wameguswa mno. Tangu ufundi uanze hakuna aliyewahi kuwaomba radhi, ni wao tu wanaoomba, kwa wateja, kila mwisho wa wiki. Ila walitaka kujua: walikosewa nini hasa? Kama ni jambo kubwa, wangependa kukasirika kidogo kwanza. Bwana Samahani aliwapa maji ya kunywa.

Mkewe alimtumia neno kupitia kwa shemeji. Shemeji alikuja nalo kituoni, akalisema ukumbini, mbele ya wafanyakazi, akifurahia kila silabi:

"Dada anasema radhi ya watu wote ni kama mvua. Inanyesha kwako, inanyesha kwa jirani, inanyesha kwenye jalala. Yeye anataka ya kikombe."

Baada ya hapo Bwana Samahani alipoteza usingizi, kisha hamu ya kula, ingawa kwa mapishi yake hiyo haikuwa hasara. Jambo moja tu lilikuwa wazi kwake: asipolisema neno lile, na kulisema sawasawa, ile meza ingebaki na tundu lake. Na kila alipojaribu kulisema mbele ya kioo cha kunyolea, midomo ilikimbilia "nje ya uwezo wetu" kama ng'ombe anayejua zizi.

Katika hali hiyo ulifika mkanda wa meya.

Meya alikuwa amefungua soko jipya. Filamu ilipigwa, ikasafishwa, ikaletwa imechelewa kidogo kama kawaida. Kabla ya habari, Bwana Samahani aliitazama katika chumba kidogo cha kutazamia ili apime urefu wake kwa ratiba. Kulikuwa na sheria moja pale, haikuandikwa popote na kila mtu aliijua: anayetazama mwisho ndiye anayeurudisha mkanda mwanzo. Meya alipita, akapunga mkono, akapewa mkasi, akakata utepe. Mkasi ulijaa kioo kizima. Bwana Samahani alitazama ule mkasi, akasikia tena lile kacha la nyuma ya pazia, na mkanda ulipokwisha aliutoa, akautia kopoani, akampelekea fundi wa filamu bila kuurudisha mwanzo.

Fundi wa filamu alikuwa mzee waliyemwita Mzee Mkanda, aliyekaa katika chumba chake cha joto tangu kituo kuanza. Alipokea kopo, akaamini, akafunga mkanda kwenye mashine.

Basi katika taarifa ya habari msomaji alisema kwa heshima, "Mheshimiwa Meya leo amefungua soko jipya," na mji ukamwona Mheshimiwa Meya kichwa chini, miguu juu, akitembea kinyumenyume. Utepe uliokatika ulipaa kutoka chini ukajiunga wenyewe. Meya aliurudisha mkasi, akaondoa mkono hewani, akarudi ndani ya gari kwa makalio, mlango ukafungwa, gari likakimbia nyumanyuma kana kwamba soko limemtisha. Wananchi walimpigia makofi miguu ikiwa mbinguni. Katika nyumba nyingi watu walipindua vichwa ili waone vizuri, na mwingine, inasemekana, alipindua televisheni.

Maua yalirudi. Simu ya ukumbini ililia, na kila mtu alijua ni nani.

Mkuu wa Vipindi alitoka kwenye simu uso umepauka. "Nani ameweka mkanda ule?"

"Mimi," alisema Mzee Mkanda. "Nimeuweka nilivyoupokea."

"Kesho usije. Na keshokutwa pia. Bwana Samahani! Nenda haraka kaseme yale yako. Hitilafu ya mitambo. Nje ya uwezo wetu. Weka na huzuni ya kutosha."

Mzee Mkanda alimtazama tu Bwana Samahani, kisha akaanza kukunja koti lake la kazi polepole, kama mtu anayekunja nguo za safari. Alijua. Mashine zake zilikuwa zimemfundisha kutambua mkono wa kila mtu, na aliamua kwamba si kazi yake kusema.

Bwana Samahani alikaa mezani. Maua ya plastiki yalikuwa mahali pake. Taa nyekundu iliwaka. Aliteremsha kope.

"Watazamaji wapendwa, tunaomba radhi. Kumetokea hitilafu ya mitambo iliyo nje ya..."

Hapo alikwama. Watu walidhani sauti imekatika, wengine wakainuka kupiga televisheni kofi ubavuni. Akilini alikuwa anaona sebule moja, kiti cha mbele, mama mkwe ameweka kichwa upande.

"Hapana," alisema. Aliinua kope. "Si nje ya uwezo wetu. Mitambo haina kosa. Fundi wa filamu hana kosa. Mkanda niliutazama mimi, na sikuurudisha mwanzo. Ni mimi." Alifikiri amemaliza, lakini lililofunguka halikufungika. "Na Jumatano ile ya ushonaji, ratiba niliandika mimi. Nilinakili bila kusoma. Kamera ilikwenda uwanjani kutazama nyasi. Zile sababu nilizowaambia hazikuwako. Kwa jumla, watazamaji wapendwa, mambo mengi niliyowaambia yako nje ya uwezo wetu yalikuwa hapa ndani, yamekaa kiti kimoja na mimi. Filamu itafuata."

Filamu ikafuata. Mkuu wa Vipindi alikuwa amesimama mlangoni, karatasi zake zimemwanguka.

"Kesho," alisema, "na wewe usije."

Wawili hao waliofukuzwa walitoka pamoja. Barabarani Mzee Mkanda alimwambia, "Ungenyamaza tu, ndugu yangu. Mimi nina bustani ya mchicha. Wewe una nini?"

Bwana Samahani alifikiri. "Nina meza," alisema.

Asubuhi alikwenda upande wa pili wa mji kwa miguu. Kila kona alipigiwa kelele. "Bwana Samahani! Kumbe ndiwe uliyemtembeza meya kwa kichwa!" Mwenye mbuzi alimpa mkono kwa nguvu, kama anayempa aliyefiwa. Shemeji alimwona kutoka mbali, akaacha kukata nyama, na safari hii hakuuliza kipindi. Alisema tu, "Yuko uani," akampisha.

Mkewe alikuwa ameweka kichwa cha cherehani juu ya sanduku la soda lililopinduliwa, naye amekaa kwenye kigoda, mgongo umepinda. Hakuinua macho.

"Jana nilikuona," alisema.

"Ulisikia?"

"Nilisikia. Mji ulisikia. Mpaka meya alisikia. Leo umekuja kumwambia nani?"

"Wewe."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi. Alikuwa ameiandika alfajiri na kuisahihisha. Mkewe aliona, akanyoosha mkono.

"Lete."

Akampa. Mkewe aliikunja mara mbili, akachukua mkasi, akaikata kwa mzunguko mmoja safi, akaitandaza juu ya kitambaa na kuibana kwa pini. "Karatasi nzuri," alisema. "Imetosha kola. Haya, sema."

Bwana Samahani alisimama katikati ya uani bila meza, bila maua, bila karatasi. Kuku walipita. Alikuwa ameomba radhi kwa mji mzima miaka na miaka bila kutokwa na hata tone la jasho, na sasa jasho lilimtiririka mpaka kwenye tai. Radhi iliyoandikwa kabla ya kosa ni rahisi kama salamu. Ile ya kosa ambalo mtu amelitenda kwa mikono yake haina maneno yaliyokwisha pangwa, na kila neno hutoka na kipande cha ngozi.

"Nilichungulia," alisema, "nikakuona umeshika mkasi. Nikajua ni mimi. Na niliona kwamba mmoja wetu lazima aonekane mjinga mbele ya watu. Nikaona afadhali uwe wewe."

Mkewe aliinua macho.

"Nilikukosea. Nisamehe, mke wangu."

Hakuteremsha kope. Hakutulia mahali pa kutulia. Sauti yenyewe ilikuwa mbaya, ya kukwaruza, na mwishoni ilipasuka.

Nyuma ya pazia mama mkwe alipumua kwa nguvu. "Hapo sasa picha imetulia," alisema.

"Mama, unasikiliza?" mkewe aliuliza.

"Sisikilizi, natazama. Pazia lina tundu."

Mkewe alichomoa pini mdomoni, akaitazama, akaichomeka kwenye mkono wa nguo. "Nimesamehe," alisema. "Lakini kipindi changu bado."

"Kipindi gani?"

"Cha ushonaji. Kilitangazwa, hakikuonyeshwa. Watu walioga, walijipaka manukato."

Basi walihamia sebuleni. Mama mkwe aliomba angojewe, akaenda kubadili kitenge. Shemeji alifunga bucha kwa mara ya pili mwezi ule, wateja wawili wakaingia naye na nyama zao mkononi. Mke alisimama nyuma ya meza ya chakula, kando ya televisheni iliyozimwa, kitambaa cha maua mekundu kimetandazwa. Alimtazama mumewe, akangoja.

Bwana Samahani alielewa. Alinyoosha tai. "Watazamaji wapendwa," alisema, "sasa ni kipindi cha ushonaji." Akatafuta neno la kuongeza, akaona halihitajiki. Akakaa chini.

"Usikae. Shika ncha hii," mkewe alisema. "Vuta. Si hivyo, hujavuta. Sasa watazamaji, hapa tunakunja mara mbili." Mkasi uliingia kitambaani kama mtu aendaye kwake. Alieleza bila haraka, akageuza, akakata, na alipomaliza gauni lote lilikuwa vipande mezani na sakafuni hapakuwa na hata chembe. Mama mkwe alimpungia mkono tangu mwanzo mpaka mwisho, na mwanawe alimwona.

Mchana Bwana Samahani alibeba kichwa cha cherehani begani mpaka nyumbani. Kilikuwa kizito, alikanyaga mashimo yote, na hakuilaumu barabara.

Kituoni walimweka msichana mmoja mahali pake. Alikuwa hodari, lakini kila alipoomba radhi alimkumbuka meya akajikuta anacheka, na meya alikuwa na televisheni. Haukupita muda Mkuu wa Vipindi akaja mwenyewe kumwita Bwana Samahani arudi, yeye na Mzee Mkanda, akimsihi kwa jambo moja: ukweli awe anaupunguza. Bwana Samahani alisema ataupunguza makosa yakipungua. Alirudi, na ratiba akaanza kuipanga upya kila wiki, kutoka karatasi nyeupe, akinung'unika.

Lakini jioni ile ya kichwa cha cherehani alikuwa bado hana kituo wala ratiba. Alikitua tunduni, akakaza skrubu, akarudi nyuma kukitazama, na kisigino chake kikatua juu ya mguu wa mkewe.

"Mbona mguu wako uko..." alianza.

Akaondoa kisigino. Mkewe alisimama, mikono kiunoni, akingoja.

"Samahani," alisema.

Mkewe aliteremsha kope, akatulia kidogo, akasema kwa sauti nzito ya mtu aliyeingia nyumba yenye msiba:

"Tafadhali endelea kuwa nasi."